Kiti cha boksi, cha gesi au cha fundi: kipi ununue, na nani akifunge

Kabla hujauliza bei, kigeuze kiti miguu juu. Muuzaji atakuonyesha kitambaa, rangi na jinsi kinavyozunguka, na hayo yana nafasi yake, ila kiti hakimwangushi mtu kwa sababu ya rangi. Kinamwangusha pale mguu unapokutana na sehemu ya kukalia. Viti vinavyouzwa Arusha na Moshi vinaweza kufanana kabisa ukivitazama kwa mbele, lakini huko chini vinatofautiana mno.

Kwa anayetaka kiti cha nyumbani leo, njia ni tatu. Kuna kiti cha boksi cha miguu minne, kile kinachokuja vipande vipande ukakifunga sebuleni kwako. Kuna kiti cha ofisi cha gesi, ambacho kwa kawaida nacho kinatoka kwenye boksi, ila ufungaji wake ni shughuli nyingine. Na kuna cha fundi seremala, kinachofika juu ya guta kikiwa kimeshasimama. Msimamo wangu niuseme mapema: cha boksi kinafaa, mradi kila mguu unashikwa na bolti inayoingia kwenye nati ya chuma, na ukifunge mwenyewe kwa mkono, bila drili. Kile ambacho miguu yake imeshikiliwa na skrubu zilizozama kwenye chipbodi, mwachie mwenye duka.

Bolti inashika nini?

Skrubu ina ncha kali na inajikatia njia yake ndani ya mbao. Bolti ni butu, na bila nati haina kazi. Ukiona mfuko wa vifaa umejaa skrubu za ncha, uliza zinaenda kuingia kwenye nini. Kwenye mbao halisi skrubu inashika miaka. Kwenye chipbodi, ambayo ni chembe za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, inashika vizuri mara ya kwanza tu. Ikilegea ukaikaza tena, zile njia ilizojichongea zinamumunyuka, tundu linapanuka, na siku moja utazungusha bisibisi weee, haifiki mwisho.

Kwa kabati, hilo si tatizo kubwa, kwa sababu kabati likishasimama limesimama. Kiti kina maisha magumu. Mtu anajitupa juu yake, anasogea nacho bila kunyanyuka, mtoto anakilaza nyuma kwa miguu miwili. Mguu wa sentimita 45 ukivutwa pembeni unakuwa wenzo mrefu, na nguvu yote inaishia kwenye skrubu ya sentimita tatu au nne.

Bolti ikiwa na nati yake, chuma kinashika chuma, na mbao inabanwa tu katikati. Kiti cha namna hiyo unaweza kukifungua ukihama Sombetini kwenda Kwa Mrombo, ukakifunga tena huko, na kiungo kikabaki kile kile.

Wapo wanaodharau viti vya boksi kwa jumla, kwamba kitu cha kufungafunga hakiwezi kuwa imara. Historia haiwaungi mkono. Mwaka 1859 kampuni ya Michael Thonet wa Vienna ilitoa kiti namba 14, cha mbao ngumu iliyopindwa kwa mvuke: vipande 6, skrubu 10 na nati 2. Viti 36 vilivyofunguliwa viliingia kwenye kasha la mita moja ya ujazo, vikasafirishwa mbali na kufungwa huko vilikofika. Muundo ule unatengenezwa hadi leo. Na uone kwamba ulikuwa na skrubu nyingi kuliko nati, lakini skrubu zile zilikuwa zinauma mbao ngumu.

Cha miguu minne, sebuleni kwako

Tandaza boksi lenyewe sakafuni ufanyie kazi juu yake. Unapolikata, shika kisu kikiwa kimelala, maana kisu kinachozama kimechana vitambaa vya viti vingi kabla havijakaliwa hata mara moja. Zile pini za chuma za boksi zing'oe zote. Bolti, washa na nati zimwage kwenye sinia. Kama nyumbani kuna mtoto mdogo, apelekwe kwanza chumba kingine na mtu wa kumwangalia: nati inaingia mdomoni, mfuko wa nailoni unaingia kichwani, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu yeye anaviona pipi.

Hesabu kila kitu kabla ya kuanza. Karatasi ya maelekezo huenda imeandikwa Kichina mwanzo mwisho, lakini kwenye picha kila kipande kina herufi na idadi yake. Panga bolti kwa urefu. Hili watu wanaliruka, na madhara yake ni ya ajabu: bolti ndefu ikiingia mahali pa fupi chini ya sehemu ya kukalia, inatokeza hadi kwenye sponji, na utaijua siku utakayokaa kwa kishindo.

Ikikosekana moja, usiweke msumari. Chukua bolti nyingine ya urefu ule ule uende nayo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nyingi za viti hivi ni za unene wa milimita 6 au 8, zinaandikwa M6 na M8. Angalizo: madukani ziko pia bolti za robo inchi, ambazo ni milimita 6.35, na kwa macho huwezi kuzitofautisha na M6. Ukiilazimisha inaingia mizunguko miwili mitatu kisha inakula nati yote. Ijaribu pale pale kaunta, kwa vidole, kwenye nati uliyotoka nayo nyumbani.

Sasa kiungo chenyewe. Kwenye viti vingi vizuri vya boksi, nati haionekani. Ni kipande kifupi cha chuma, duara, mfano wa kalamu ya risasi iliyokatwa urefu wa sentimita moja na nusu, chenye tundu ubavuni lenye nyuzi za kushika bolti. Kinaingizwa kwenye shimo la pembeni mwa mbao, na bolti inakuja kukikuta humo ndani kutokea upande mwingine. Ikitokea tundu la nati limetazama pembeni hata kidogo, bolti inagonga chuma na haiingii. Hapo ndipo watu wanapoanza kutumia nguvu na kuharibu kila kitu. Tazama uso wa kile kipande: kina mfereji mdogo. Weka bisibisi bapa kwenye mfereji huo ukizungushe taratibu, mpaka mstari wake uelekee kule bolti inakotokea. Halafu izungushe bolti kwa vidole, kwanza kinyume, kana kwamba unaifungua, mpaka uisikie imedondoka kidogo kwenye njia yake. Kisha mbele. Kwa M6 ya kawaida kila mzunguko mzima unaingia milimita moja, kwa hiyo mizunguko minne ya vidole inatosha kujua kwamba imekaa. Kifunguo cha L, kile kidogo kinachokuja ndani ya boksi, kije baada ya hapo.

Na usikaze. Hapa ndipo kiti kinachoyumba kinapozaliwa. Mtu anafunga mguu wa kwanza anaukaza hadi mwisho, wa pili hivyo hivyo, akifika wa nne tundu halilingani na bolti, anauvuta kwa goti. Kiti kimeshapinda. Weka bolti zote zikiwa zimelegea, kisimamishe kwa miguu yake mahali pa tambarare, kikalie kidogo kwa uangalifu ili kila kiungo kitafute nafasi yake, ndipo ukaze kwa kupishanisha pembe: mbele kushoto, nyuma kulia, mbele kulia, nyuma kushoto. Rudia mzunguko huo mara mbili. Kifunguo ukishike upande mfupi ukiwa ndani ya bolti na mrefu mkononi, na ukifika mahali mkono unakataa, ongeza robo ya mzunguko uache. Kuchomeka bomba kwenye kifunguo ili kupata nguvu zaidi ni kutafuta kupasua mbao.

Kikiyumba baada ya hapo, usilaumu kiti haraka, kwa sababu sakafu zetu za saruji nyingi hazijanyooka. Kizungushe robo mahali pale pale. Mguu ule ule ukiendelea kunyanyuka, kasoro ni ya kiti: legeza bolti zote, ukae, ukaze upya. Mguu wa kunyanyuka ukibadilika ila upande wa chumba ukawa ule ule, kasoro ni ya sakafu na kiti hakina kosa.

Baada ya wiki mbili za kukaliwa, kaza tena. Mbao imeshabanwa na bolti zimelegea kidogo. Kwa hiyo kifunguo kile kidogo usikitupe na boksi. Kibandike kwa selotepu chini ya kiti.

Cha gesi

Hiki kinachukuliwa kuwa rahisi kufunga, na kweli ni rahisi. Vipande vikubwa ni vichache: nyota ya miguu mitano, matairi matano, silinda ya gesi, bamba la chuma lenye wenzo, sehemu ya kukalia, mgongo na mikono. Silinda haina bolti wala nati. Ncha zake zimechongwa kwa mteremko, zinajibana zenyewe kwenye nyota chini na kwenye bamba juu, na uzito wako unapokaa mara ya kwanza ndio unaomalizia kazi. Kwa hiyo usiigonge kwa nyundo na usiipake grisi kwenye zile ncha.

Bamba ndilo la kuangalia. Linafungwa chini ya sehemu ya kukalia kwa bolti nne, na lina mbele na nyuma. Mara nyingi kuna mshale au neno FRONT. Ukiligeuza, kiti kinafungika vizuri tu na kinapendeza, ila uzito wako unaangukia mahali pasipo pake, na ukiegemea kinakupeleka chali. Kwenye viti ambavyo mgongo unalala na kurudi, bamba lina springi yenye nguvu: usivute wenzo kabla mgongo haujafungwa, na uso wako usiwe juu yake, maana lile bapa la kushikia mgongo linaruka juu ghafla. Kunyanyua sehemu ya kukalia na kuishusha juu ya silinda ni kazi ya watu wawili, vidole vikiwa mbali na tundu.

Ndani ya silinda mna naitrojeni iliyoshindiliwa kwa mgandamizo mkubwa. Kwa kawaida inakaa humo miaka bila shida. Hatari inakuja kiti kikianza kuzama chenyewe, na hapa kwetu dawa ya kwanza inayotajwa ni kukipeleka kwa mchomeleaji akipige welding kisishuke tena. Hapana. Silinda iliyoshindiliwa gesi haichomelewi, haitobolewi, haiwekwi karibu na moto. Badilisha silinda nzima, au kama huna hela ya silinda, kata kipande cha bomba la plastiki la maji kwa urefu unaoutaka, kipasue ubavuni, ukivishe kwenye ile fimbo inayong'aa. Kiti kitabaki juu. Hakitapanda wala kushuka tena, lakini kwa meza moja unahitaji nini zaidi?

Soma pia uzito ulioandikwa kwenye boksi. Vingi vinataja kilo 100, 110 au 120. Ukiwa karibu na kikomo, tafuta chenye nyota ya chuma, uachane na cha plastiki nyembamba. Na cha gesi kwa meza ya chakula sikipendekezi hata kidogo, hasa penye watoto na marumaru. Matairi yanateleza wakati mtu anainuka, na bibi anayetafuta pa kushika atashika kitu kinachokimbia.

Cha fundi

Faida yake unaijua: hakuna cha kufunga. Viungo vyake ni ulimi wa mbao ulioingia kwenye tundu la mbao na gundi, na fundi akiwa mzuri kiungo hicho kinashinda bolti zote nilizozisifia hapo juu. Kikilegea, unakipeleka kwake au kwa jirani yake, na mtu yeyote mwenye randa na gundi anaweza kukitengeneza. Jaribu kutafuta mguu mmoja wa akiba wa kiti cha boksi ambacho duka lake limeshaleta mzigo mwingine.

Ila cha fundi kina ugonjwa mmoja, nao ni unyevu. Mbao mbichi ikikauka inasinyaa, ulimi unakuwa mwembamba kuliko tundu lake, na kiti kilichokuwa kimya mwezi wa nne kinalialia mwezi wa tisa. Mbao ya samani za ndani inatakiwa kuwa imekauka hadi unyevu wa karibu asilimia 12, na gogo la mgrevilea lililotoka kihambani juzi haliko hata karibu na hapo. Mgrevilea si mbao mbaya, tafadhali, ina mapambo mazuri na watu wa Kilimanjaro wanaipata jirani. Tatizo ni haraka. Paina na saipresi ni laini zaidi na zinabonyea. Mninga na mkongo ni habari nyingine kabisa, na bei yake pia.

Unajuaje? Inua vipande viwili vya ukubwa mmoja, mbao ile ile. Kizito zaidi bado kina maji. Kiguse pia: mbao mbichi ni ya baridi mkononi. Kisha muulize fundi, kwa heshima, mbao hizi zimekaa muda gani, na uangalie anapozihifadhi. Zilizoegeshwa nje katikati ya masika zinajibu swali zenyewe. Moshi ina bahati ya kuwa na chuo cha viwanda vya misitu, FITI, pamoja na chuo cha ufundi stadi cha VETA, kwa hiyo fundi aliyesomea ukaushaji wa mbao si mtu wa kutafuta kwa tochi.

Kitu kingine: ukipiga deki kila asubuhi, cha fundi kilichopakwa vanishi hadi chini ya nyayo kinavumilia. Miguu ya MDF (ubao wa unga wa mbao na gundi) au chipbodi inakunywa maji ya deki kidogo kidogo, inavimba, na ikishavimba hairudi. Kwenye cha boksi hakikisha vile vikofia vya plastiki vya miguuni vipo vyote.

Mwenyewe au umwite fundi?

Kwa cha miguu minne cha bolti, mwenyewe. Hakuna ufundi unaoukosa, unachohitaji ni subira, na ukikifunga wewe unajua kila bolti ilipo siku ikilegea. Fundi anayeitwa kufunga kiti kimoja ana haraka ya kwenda kazi nyingine. Anakuja na drili ya betri, na drili haina hisia za vidole: bolti ikiingia mshazari, inaendelea tu kuzunguka hadi nyuzi ziishe. Kwa nje hutaona kitu. Ukimwita, mwambie, "Fundi, drili iishie njiani, naomba umalizie kwa mkono," na usione haya kukaa naye hapo hapo. Ukishalipa na akaondoka, kasoro ni yako.

Kwa cha gesi, mwite mtu wa pili, si lazima awe fundi. Fundi anahitajika pale tundu limeshaharibika, nati yenye meno, ile inayouma mbao, imeng'oka chini ya sehemu ya kukalia, au mguu umepasuka. Mpasuko kwenye mguu usiuzibe kwa gundi ukaendelea kukaa.

Kwa hali yako

Ukiwa umepanga chumba na unajua mwakani utahama, cha boksi cha bolti hakina mpinzani. Kinafunguliwa na kulala chini ya kitanda ndani ya Noah ya kuhamia. Viti sita vya meza ya chakula kwenye nyumba yako mwenyewe, nenda kwa fundi, toa oda kiangazi, na usimsumbue akikwambia mbao zisubiri. Anayekaa mbele ya kompyuta kutwa, cha gesi chenye nyota ya chuma, bila kujadili. Kwa wazee, iwe kwako Njiro au kule Machame, chagua kizito, kisicho na matairi, chenye mikono miwili ya kushikia wakati wa kuinuka, na mikono hiyo iwe imefungwa kwa bolti au imechongwa pamoja na miguu. Ya skrubu ndiyo ya kwanza kung'oka, kwa sababu mzee anaitegemea kila anaposimama.

Na kama unaagiza Kariakoo kije kwa basi, boksi lifungulie pale pale ofisi ya mizigo kabla hujasaini. Pitisha kidole kwenye kingo za kila ubao. Kingo iliyovimba au kona iliyobonyea maana yake boksi lilinyeshewa au lilikaliwa na mzigo mwingine njiani, na bolti haitashika hapo hata uikaze vipi. Piga picha ukiwa hapo hapo, mpigie muuzaji, na boksi libaki kaunta mpaka mkubaliane.